Mlima Mwema Si Urefu Tu

Kila majira ya baridi yanapokaribia, vijana wa Toronto na Montreal huulizana ni mlima gani wa mashariki ya Kanada unaofaa zaidi kwa mchezo wa kuteleza kwa ubao juu ya theluji. Jibu wanalopewa aghalabu ni tarakimu: mteremko una mita ngapi. Jibu hilo ni pungufu.

Ni kweli kwamba Le Massif, huko Charlevoix, una mteremko wa mita 770, na mashariki ya milima ya Rocky hakuna kituo cha Kanada kinachoushinda. Tremblant una mita 645. Lakini mashariki si Whistler. Huku mvua huweza kunyesha katikati ya Januari, usiku baridi ikarejea, na kulipokucha mteremko mzima umekuwa kioo. Mwenye ubao hutegemea ukingo mmoja tu wa chuma, na barafu haina huruma. Basi yafaa aulize kwanza kama mlima una mashine za kutosha za kurusha maji na hewa ili kutengeneza theluji pale ile ya mbinguni inapokosekana.

Aulize pia juu ya tambarare. Mwenye skii hujisukuma kwa fimbo zake. Mwenye ubao hana fimbo, hulazimika kufungua mguu mmoja na kujikokota kama kiwete. Wapendao kupita katikati ya miti huusifu Sutton, wala hawakosei. Stoneham, ulioandaa mashindano ya dunia ya mchezo huu mwaka 2013, huwashwa taa usiku, hata mfanyakazi wa mji wa Quebec akaweza kwenda baada ya kazi. Hilo si jambo dogo.

Lakini kubwa kuliko yote ni lifti. Mont-Sainte-Anne ni mlima bora kwa maumbile. Serikali ya Quebec iliukabidhi kwa watu binafsi mwaka 1994. Desemba 2022 kibanda cha lifti yake kilianguka kutoka kwenye kamba. Ni bahati tu kwamba hakikuwa na abiria. Wakazi wa jirani, ambao riziki yao hutegemea mlima huo, walikuwa na kila haki ya kudai matengenezo. Theluji nyingi ina faida gani ikiwa chombo cha kumpandisha mtu hakiaminiki?

Haisemwi hapa kwamba kila mwenye mali binafsi ni mzembe. Hata hivyo, yaliyotokea Orford hayafai kusahauliwa. Mwaka 2006 serikali ya Quebec ilitaka kuuza sehemu ya hifadhi ya mlima huo. Wananchi waliandamana, na Thomas Mulcair, waziri wa mazingira aliyeupinga mpango huo, akatoka katika baraza la mawaziri. Mwaka uliofuata mpango ukaachwa. Leo kituo cha Orford huendeshwa na shirika lisilotafuta faida, na mteremko wake wa mita 589 ungali wazi kwa kila mwenye tiketi na ubao.