Barua ya wazi kwa Bohari ya Dawa: andikeni kimo cha kitanda kwenye zabuni

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,
Bohari ya Dawa (MSD),
Dar es Salaam.

Yah: Vitanda vya kupimia na mizani kwa wagonjwa wenye ulemavu

Ningeweza kumwandikia Waziri wa Afya au mganga mkuu wa mkoa, lakini jambo ninalolileta huamuliwa mezani kwenu, mgonjwa akiwa bado yuko nyumbani kwake. Tangu ilipoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1993, Bohari ya Dawa ndiyo inayonunua, kutunza na kusambaza dawa na vifaa tiba kwa vituo vya umma. Mnapoandika vigezo vya kitanda cha kupimia wagonjwa, mnaamua pia nani atapimwa juu yake.

Kitanda tulichokizoea, cha mabomba ya chuma na godoro jembamba la rekisini, hakipandi wala hakishuki, na kwa kawaida kinazidi sentimita 70 kutoka sakafuni. Kikalio cha kiti mwendo kiko kwenye sentimita kama 50. Wengi waliopooza miguu hawawezi kujinyanyua pengo hilo kwa mikono peke yake, na ile ngazi ya vidato viwili iliyowekwa kando haiwafai kitu. Hapo hutokea moja kati ya mawili. Ama huitwa wanaume waliopo karibu, mlinzi, mfanya usafi, ndugu wa mgonjwa mwingine, wambebe mtu mzima, mmoja akimshika kwapani na mwingine mapajani, ama daktari husema, "Kaa tu hapohapo kwenye kiti, nitakupima."

Hilo la pili lina sura ya huruma, na ndilo linalonitisha zaidi. Aliyeumia uti wa mgongo mara nyingi hana hisia kuanzia kiunoni kwenda chini. Kidonda cha kukalia humwanzia makalioni kama doa dogo lisilouma, kikachimba taratibu hadi mfupani, na atakayekiona mapema ni yule tu aliyemlaza na kumgeuza. Tumbo la mtu aliyekaa limejikunja, daktari hawezi kulipapasa sawasawa. Na mwanamke hapimwi mlango wa kizazi akiwa kwenye kiti. Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu. Kipimo chake kilichozoeleka vituoni, cha kupaka asidi ya siki na kutazama kwa macho, ni rahisi na hakisubiri majibu ya maabara, lakini lazima mwanamke awe amelala kitandani. Mlemavu anaondoka na ushauri mzuri na karatasi, bila kupimwa.

Mizani nayo ni hivyohivyo. Mdogo wangu anatumia kiti mwendo tangu alipopata ajali ya bodaboda. Alipougua malaria kali, muuguzi alimtazama, akafikiri kidogo, akaandika uzito kwenye faili. Simlaumu hata kidogo, maana mizani aliyokuwa nayo ilikuwa ya kusimama. Lakini sindano ya artesunate kwa mtu mzima hutolewa miligramu 2.4 kwa kila kilo ya mwili, vidonge vya kifua kikuu hupangwa kwa makundi ya uzito, na mtoa dawa ya usingizi huanza hesabu yake kwa kilo. Mwili wa aliyepooza ni mgumu kukadiria, kwa kuwa miguu hukonda huku mabega yakijaa kwa kazi ya kusukuma magurudumu. Vipi kuhusu mjamzito asiyeweza kusimama? Uzito ni katika mambo ya kwanza kuandikwa kwenye kadi yake kila anapohudhuria kliniki.

Vifaa vya kuondoa shida hii vipo. Kuna vitanda vinavyoshuka hadi usawa wa kiti mwendo na kupanda hadi kiunoni kwa daktari, vyenye vishikio pembeni, na vingine huendeshwa kwa pampu ya mguu, hivyo vinafanya kazi hata kwenye zahanati isiyo na umeme. Kuna mizani ya jukwaa pana lililo karibu na sakafu: unamsukuma mgonjwa juu yake pamoja na kiti chake, kisha unatoa uzito wa kiti. Vifaa hivi humfaa pia bibi mwenye magoti mabovu, mama wa miezi tisa, kijana aliyefungwa bandeji ngumu, na muuguzi anayemaliza zamu akiwa na maumivu ya mgongo kwa kunyanyua watu.

Marekani walichelewa sana katika hili. Sheria yao kuu ya haki za watu wenye ulemavu ni ya mwaka 1990, ikaleta milango mipana na njia za mteremko, lakini vitanda vya ndani havikuwa na kipimo cha kufuata. Viwango vya vifaa vya uchunguzi vilitolewa na bodi yao ya viwango vya ufikivu, U.S. Access Board, Januari 2017, navyo viliacha usawa wa chini wa kitanda ukiwa kati ya inchi 17 na 19. Mwaka 2024 bodi hiyo iliamua iwe inchi 17, yaani sentimita kama 43. Mwaka huohuo Wizara ya Sheria yao ilizipa kliniki za serikali za majimbo na miji miaka miwili kuwa na angalau kitanda kimoja na mizani moja ya namna hiyo. Sisi hatuna sababu ya kuanza upya safari hiyo ya zaidi ya miaka 30 wakati kipimo kimeshapatikana.

Wajibu tunao tayari. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 25 inataka wapate huduma za afya za kiwango kilekile wanachopata wengine, afya ya uzazi ikiwemo. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria Na. 9 ya Watu wenye Ulemavu. Hata ununuzi wa umma unawatambua: asilimia 30 ya zabuni imetengwa kwa makundi maalumu, na wao wamo. Wana fungu katika kuiuzia serikali. Naomba wapate pia kauli juu ya kile serikali inachonunua.

Najua kitanda kinachoshuka ni ghali kuliko cha kuchomelea, na siombi vilivyopo vitupwe. Lakini kitanda cha chuma hukaa chumbani miaka mingi, na vituo vya afya na hospitali za wilaya zilizojengwa karibuni zinaendelea kujazwa samani sasa hivi. Kila kisichoshuka kinachopokelewa leo kitamfungia mtu nje kwa muda wote kitakaodumu. Anzeni na kimoja kwa kila kituo, pamoja na mizani moja ya jukwaa. Kwa hospitali kubwa, ongezeni kitanda cha kujifungulia kinachoshuka, na mashine za eksirei ya kifua na za kupima matiti zinazoweza kumfikia mtu akiwa amekaa.

Ninaloomba hasa ni mstari mmoja ndani ya vigezo vya kiufundi vya zabuni ijayo: usawa wa chini wa kitanda usizidi sentimita 48, na ikiwezekana 43. Kisha, kabla hamjasaini kupokea mzigo, waiteni wanachama wa shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, SHIVYAWATA, wanaotumia viti mwendo waje ghalani wajaribu sampuli wenyewe. Watakachoshindwa kukipanda, mrudishieni mzabuni.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Dada wa mgonjwa,
Morogoro.