Mikataba ya sola iandikwe kwa lugha tunayoielewa

Mhariri,

Huku Malaba na Busia, nyumba nyingi ambazo hazijafikiwa na stima hupata mwanga kwa sola ya lipa mdogo mdogo. Unatoa arubuni, unafungiwa paneli, betri na taa, kisha unalipa kwa simu. Ukichelewa, mtambo unajifunga, hata kama jua liliwaka mchana kutwa.

Siupingi mpango huu. Umewaondolea watoto wetu moshi wa koroboi. Kinachoniuma ni huduma. Mkataba niliotia sahihi ulikuwa wa Kiingereza, na wakala hakunieleza jumla ya pesa nitakazolipa wala muda wa dhamana. Betri ilipokufa, niliendelea kudaiwa. Wakala alikuwa ameshahama, na kila niliyempigia simu alinielekeza kwa mwingine.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mteja haki ya huduma bora na ya kupewa habari za kutosha. Naiomba EPRA, mdhibiti wa kawi, ije Busia itusikilize. Kampuni zilazimishwe kuandika mikataba kwa Kiswahili na kuisoma kwa Kiteso au Kisamia panapohitajika, kutaja bei kamili, na kusimamisha malipo kifaa kinapotengenezwa.

Nanyi majirani, hifadhini jumbe za M-Pesa na nakala ya mkataba. Malalamiko yenye ushahidi hayapuuzwi kwa urahisi.

Msomaji,
Malaba, Kaunti ya Busia