Bweni Nalo ni Darasa

Katika mji wa Denton, jimbo la Texas, Marekani, vijana wenye umri wa miaka 16 hivi huishi na kusoma katika Chuo Kikuu cha North Texas. Shule yao ya hisabati na sayansi iliundwa kwa sheria ya Bunge la jimbo hilo mwaka 1987, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 1988. Kwa miaka miwili ya mwisho ya sekondari, vijana hao huhudhuria mihadhara pamoja na wanafunzi wa shahada na kufanya mitihani ile ile.

Wapo wadhanio kwamba akili za vijana hao zatosha kuwafikisha. Mimi siafikiani nao. Mwanafunzi aliyezoea kuwa wa kwanza shuleni kwao, akijikuta miongoni mwa werevu wenzake, aghalabu huvunjika moyo kabla ya kushindwa hesabu. Alama mbaya ya kwanza humfika akiwa mbali na wazazi. Ndiyo maana vijana hao wametengewa bweni lao, jumba la McConnell, lenye walezi wakaao humo na saa maalumu ya kurejea usiku. Humo mwenzake humfafanulia lililomshinda mhadharani, naye hugundua kwamba hakushindwa peke yake.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, tukitamani kuwaingiza vijana wetu chuo kikuu mapema, tusianze kwa kuhesabu viti vya ukumbi wa mihadhara. Yafaa tuulize kwanza: somo likimlemea usiku, mtoto huyu atabisha hodi kwa nani?