Khadja Nin na Nafasi ya Tatu

Wapenzi wa muziki wanapomtaja Khadja Nin, aghalabu huanzia mwaka 1996, albamu yake ya Sambolera ilipotoka na kuvuma Ulaya. Sisi twaona yafaa kuanzia nyuma zaidi, kwani ndani ya miaka iliyotangulia ndimo limo swali linaloukabili mji wa Bujumbura hadi leo: mtunzi wa nyimbo akianguka, atainukia wapi?

Bibi huyu alizaliwa Burundi mwaka 1959, na tangu akiwa na umri wa miaka 7 alikuwa akiimba katika kwaya mjini Bujumbura. Mwaka 1975 alikwenda Zaire, akaolewa huko, na mwaka 1980 akahamia Ubelgiji pamoja na mwanawe mdogo. Haikupita miaka mingi mumewe akafariki dunia. Mjane kijana, ugenini, akilea mtoto kwa kazi za kibarua, hana wasaa wa kubisha hodi kwenye kampuni za santuri. Alipokutana na mpiga gitaa Nicolas Fiszman ndipo utunzi wake uliposhika njia, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya BMG ikampa mkataba. Lakini albamu ya kwanza, ya mwaka 1992, na ile iliyoitwa Ya Pili, ya mwaka 1994, hazikumpatia jina kubwa. Mfanyabiashara mwenye haraka angalifunga daftari hapo.

Tena hakuwa akiimba kwa lugha ya soko lile. Ingalikuwa rahisi kumtaka aelemee Kifaransa. Yeye alikishikilia Kiswahili, lugha ya Buyenzi na Bwiza ambayo wengi nchini kwa muda mrefu waliiona kuwa ya wachuuzi na wapita njia, huku shule zikiwa mikononi mwa Kirundi na Kifaransa. Hata wimbo wa Stevie Wonder aliuvika maneno yetu, akauita Sina Mali, Sina Deni. Jina ambalo mtu wa Buyenzi hahitaji kufasiriwa.

Ushindi ulikuja mji wake ukiwa katika msiba. Vita vilikuwa vikiendelea tangu kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993. Tarehe 25 Julai 1996 Meja Pierre Buyoya alitwaa madaraka, na nchi jirani zikaiwekea Burundi vikwazo vya biashara vilivyodumu hadi Januari 1999. Msikilizaji wa Paris alipokuwa akifurahia Kiswahili asichokielewa, wenye mji walikuwa wakihangaikia petroli.

Wala si yeye peke yake. Jean-Pierre Nimbona, yaani Kidum, naye aliondoka wakati wa vita, akajipatia jina Nairobi.

Khadja Nin alitoa albamu nyingine mwaka 1998, kisha akajitenga na jukwaa. Mwaka 2018 alikuwa miongoni mwa waamuzi wa tamasha la filamu la Cannes. Burundi, kwa upande wake, ilipitisha sheria ya kulinda haki za watunzi mwaka 2005, jambo la kupongezwa. Ila sheria hulinda wimbo uliokwisha kurekodiwa. BMG ilimvumilia mtunzi wake kwa albamu 2 zisizotikisa soko, ikagharamia ya tatu. Kijana wa Bwiza ambaye nyimbo zake 2 za mwanzo hazikuuzwa, ni nani mjini hapa atakayemlipia studio mara ya tatu?