Mume naye apimwe kabla ya mke kumeza tembe za uzazi

MWANAMKE anapokaa mwaka mmoja au miwili katika ndoa bila kushika mimba, jamaa na majirani huanza kumhesabia miezi. Miongoni mwa Waluo, ambao ndio wengi katika kaunti za Migori na Homa Bay, asiyezaa huitwa lur, na neno hilo si la mzaha. Haishangazi basi kwamba aliyechoshwa na minong'ono hiyo huwa tayari kumeza chochote atakachoambiwa kinaleta mtoto, iwe ni mitishamba au tembe za dukani.

Mojawapo ya tembe hizo ni klomifeni, ambayo wengi huijua kwa jina la Clomid. Si dawa mpya. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1967 na imewafaa wanawake wengi ulimwenguni. Hata hivyo, kazi yake ni moja tu: kuchochea homoni zinazokomaza mayai. Ambaye mayai yake hayapevuki hufaidika. Ambaye tatizo lake liko kwingine huambulia madhara matupu.

Hapo ndipo penye utata. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani (WHO) uliochapishwa mwaka 1985 ulibainisha kuwa barani Afrika, kuliko kwingineko, utasa wa wanawake ulitokana hasa na maambukizi yanayoharibu mirija ya uzazi. Kisonono na klamidia ndiyo washukiwa wakuu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 nao ulionyesha kiwango cha maambukizi ya HIV kuwa asilimia 19.6 Homa Bay na 13 Migori, ilhali cha nchi nzima kilikuwa asilimia 4.9. Penye HIV inayoenezwa kwa ngono, maradhi mengine ya zinaa hayako mbali.

Tembe haizibui mrija. La kuogofya zaidi ni mrija wenye makovu ambao haujaziba kabisa. Yai likikomazwa kwa dawa, mimba inaweza kutunga humo humo, mrija ukapasuka na damu ikamwagika tumboni. Anayeishi karibu na hospitali ya rufaa mjini Homa Bay ana matumaini ya kupasuliwa upesi. Mwenzake wa Kisiwa cha Mfangano hana budi kutafuta boti kwanza.

Kisha kuna mume, ambaye hutajwa mwisho iwapo hutajwa kabisa. Wataalamu hukadiria kuwa mwanamume huchangia karibu nusu ya visa vya wachumba kukosa mtoto. Kinaya ni kwamba kipimo cha manii ni chepesi kuliko vipimo vyote anavyofanyiwa mke. Huhitaji hadubini na mtu aliyefunzwa kuitumia. Daktari mwangalifu atauliza pia kuhusu kazi. Katika machimbo ya dhahabu ya Macalder, Nyatike, wake kwa waume wameshika zebaki kwa mikono, na zebaki ni sumu kwa mtoto aliye tumboni.

Mwanamke mwenyewe ahakikishe hana mimba tayari, hana ugonjwa wa ini, wala hatokwi na damu isiyojulikana chanzo. Picha ya tumbo ionyeshe iwapo kuna uvimbe kwenye ovari. Kwa kawaida dozi huanza na miligramu 50 kwa siku tano, na matibabu hayafai kupita mizunguko sita. Macho yakififia au tumbo likifura ghafla, aache tembe na aende hospitalini. Aidha, takriban mimba nane kati ya 100 zinazotokana na dawa hii huwa za pacha au zaidi, mzigo mzito kwa mama mwenye upungufu wa damu katika eneo lenye malaria.

Mbunge wa Suba Kaskazini, Bi Millie Odhiambo, amekuwa akipigania sheria ya teknolojia ya uzazi tangu mwaka 2014. Ni juhudi ya kupongezwa, lakini inahusu zaidi utungishaji mimba kwenye maabara, huduma ambayo wakulima na wavuvi wengi hawana uwezo wa kuilipia. Hatua za awali, zilizo nafuu, ziko mikononi mwa kaunti, ambazo zimesimamia hospitali tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013. Madiwani wanapojadili bajeti wanaweza kuuliza: kutoka Mbita hadi Kehancha, ni hospitali ngapi za umma ambako mwanamume anaweza kuingia asubuhi na kupimwa manii?