Tumepanda Miti, Sasa Nani Anaitunza?



Leo nataka tuongee jambo ambalo mwingine atasema si la kiroho. Wewe soma tu.

Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitupa siku ya mapumziko ili Wakenya wote tupande miti. Lengo la siku ile lilikuwa miti milioni 100, na kufikia 2032 nchi inataka bilioni 15. Makanisa yalitoka, shule zikatoka, picha zikajaa kwenye simu. Sasa nakuomba urudi pale ulipopiga picha yako. Mche wako uko?

Msimamo wangu ni huu, na kama hukubali tutaongea baada ya ibada: kanisa lisipande hata mche mmoja zaidi kama hakuna mtu aliyetoa jina lake kuutunza. Kupanda ni kazi ya asubuhi moja. Kutunza ni Juni, Julai, Agosti, Septemba, mpaka mvua fupi zishuke, na mwaka ujao tena. Huku Kajiado ni nchi kavu. Udongo wetu mweusi ukikauka hupasuka nyufa, na mizizi michanga haiwezi kustahimili.

Soma Luka 13 kuanzia mstari wa 6. Mwenye shamba amechoka na mtini usiozaa, anataka ukatwe. Mtunzaji anaomba mwaka mmoja, lakini haishii kuomba. Anajitolea yeye mwenyewe kuchimba kandokando yake na kutia samadi. Na samadi, wapendwa, sisi watu wa Kajiado hatuwezi kusema imetushinda kupata!

Najua swali lako. "Pastor, maji ya kunywa tunanunua kwa mtungi, nimwagilie mti?" Ni swali la haki, na silipuuzi. Lakini maji uliyooshea mboga na mikono unayamwaga wapi? Chimba kishimo kuzunguka mche ili yasitiririke, kisha funika udongo kwa nyasi kavu, unyevu ukae. Na ndugu zangu wanaume, nisikieni vizuri: kazi hii isiwe mzigo mwingine kichwani mwa mama ambaye tayari ameamka saa kumi na moja kutafuta maji. Beba mtungi wewe.

Halafu kuna mbuzi. Usimlaumu kijana anayechunga. Yeye na mbuzi wake walikuwa hapo kabla ya mche wako. Nenda uongee na wazee wa boma jirani kabla ya kupanda, kisha zungushia matawi ya miiba kama wanavyozungushia boma lao.

Na kutunza si miche peke yake. Mtu ananunua ploti ya hamsini kwa mia hapa Kitengela, kitu cha kwanza anakata mgunga uliosimama hapo miaka mingi, kisha anakuja kuniomba nimwombee mvua. Unakumbuka ukame ule uliotushika kuanzia 2020, misimu mitano mfululizo mvua zikakosa? Mifugo ilikufa katika kaunti hii hii. Mzee yeyote wa Kimaasai atakuambia kwamba nyasi zikiisha, maganda ya oltepesi ndiyo hulisha mbuzi. Huo ndio mti tunaougeuza makaa.

Profesa Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, hakuishia kugawa miche. Akina mama walipewa kitu kidogo kwa kila mche ulioshika. Alielewa kwamba kazi iko baada ya shimo kufukiwa. Sisi hatuna pesa za kulipana, kwa hiyo nazungumzia kujitolea. Bado naona ni afadhali kanisa letu liwe na miti 40 inayoishi kuliko 1,000 ya kwenye ripoti.

Kwa hiyo kila ushirika wa nyumbani uchague watu wawili, na kila mmoja achukue miche mitano, si zaidi. Akisafiri, amwachie mwenzake kwa jina. Miche ikifa, tunataka kujua ni ukame, ni mchwa au ni kusahaulika, kwa sababu dawa zake si moja.

Jumamosi saa tatu asubuhi tukutane kanisani tuhesabu iliyo hai. Njoo na jembe na mtungi wako. Kama utachukua mitano, andika hapa chini jina la ushirika wako.