Kugeuza Pikipiki ya Mbio Kuwa ya Safari: Kipimo Kitangulie Spana

Katika karakana za Karatu, mji ulioko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari kati ya Ziwa Manyara na Ngorongoro, kazi kubwa ya mafundi ni pikipiki ndogo za sentimita za ujazo 125 na 150. Pikipiki hizo zilikuwa nyingi hata kabla ya kanuni za mwaka 2010 zilizoruhusu pikipiki kubeba abiria kwa leseni, na baada ya hapo zimeingia katika uchumi wa kila kijiji. Lakini mara moja moja hufika mashine ya namna nyingine: pikipiki ya mbio iliyokwisha kutumika, yenye silinda mbili au nne, usukani ulioshushwa chini, kiti kilichobinuka kwa nyuma, na ganda la plastiki lililofunika injini. Mwenyewe ameipata kwa bei nafuu kuliko mpya, naye ataka imfikishe Babati, Singida, na pengine Mwanza, akiwa na mzigo wake na bila kuumia mgongo. Fundi hodari hakosi kumjibu kwamba jambo hilo lawezekana. Spana huanza kazi siku hiyo hiyo.

Kwamba lawezekana ni kweli. Linalostahili kupingwa ni utaratibu wa kazi yenyewe. Kwa kawaida fedha ya kwanza hutumika kuongeza nguvu ya injini, ya pili huenda kwenye taa na mapambo, na breki huguswa mwisho, endapo kitu kimebaki. Katika nchi yenye miinuko na miteremko kama ya Karatu utaratibu huo yafaa ugeuzwe kabisa, na kila hatua itanguliwe na kipimo ambacho mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kukifanya.

Tuseme kwanza habari ya mwili wa mpanda, maana ndio unaolalamika mapema. Mtu aliyekaa juu ya pikipiki ya mbio huinama mbele, na sehemu kubwa ya uzito wa kiwiliwili chake huangukia viganja vya mikono. Waliounda mashine hiyo hawakuwa wajinga. Walijua kwamba katika mwendo mkubwa upepo husukuma kifua kwa nguvu na kuubeba uzito huo. Kani ya upepo hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: mwendo ukipungua kutoka kilomita 150 kwa saa hadi kilomita 50, yaani mara 3, kani hiyo hupungua mara 9. Sasa, kilomita 50 kwa saa ndicho kikomo cha mwendo katika sehemu zenye makazi, na barabara kutoka Makuyuni hadi Karatu hukatiza makazi mahali pengi. Kwa hiyo mpanda amekaa mkao unaotegemea mto wa upepo ambao haupo. Ganzi ya vidole na maumivu ya shingo havitokani na udhaifu wake, wala kitambaa kinene juu ya kiti hakiviponyi.

Dawa ni kuinua usukani na kuusogeza nyuma, na ikiwezekana kushusha vikanyagio vya miguu ili magoti yasikunjwe mno. Hapa pana hatari inayosahauliwa. Usukani ukiinuliwa, waya wa klachi, waya wa eksleta, na mpira wa breki vyote huwa vifupi. Njia ya kuhakiki ni rahisi: pikipiki isimame ikiwa katika gia huru, injini iwake polepole, kisha usukani ugeuzwe hadi mwisho kulia na hadi mwisho kushoto. Injini ikiongeza mlio wenyewe upande mmoja, waya wa eksleta umevutwa. Jambo hilo likigunduliwa uani ni kazi ya nusu saa. Likigunduliwa kwenye kona ya mlima, mashine huongeza mwendo pale pale mpanda anapotaka kuupunguza.

Mpira wa breki uliobadilishwa hutuleta kwenye jambo lenye uzito kuliko yote. Barabara ya lami kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro, iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, hupita Rhotia na kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mto wa Mbu. Tofauti ya kimo kati ya Karatu na Mto wa Mbu ni kiasi cha mita 500. Chukua pikipiki ya kilo 180, mpanda wa kilo 70, na mzigo wa kilo 30: jumla kilo 280. Nishati inayopaswa kuondolewa katika mteremko huo wote, iwapo mwendo wa mwanzo na wa mwisho ni sawa, ni 280 × 9.8 × 500, yaani jouli 1,372,000. Nishati hiyo yatosha kupandisha joto la lita 4 za maji kutoka nyuzi 20 za sentigredi hadi karibu na nyuzi 100. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na tairi, na sehemu kubwa yaweza kuchukuliwa na injini, endapo mpanda anateremka akiwa katika gia ya chini. Lakini mpanda anayeachia gia ili kubana petroli huikabidhi breki kazi hiyo karibu yote.

Breki zenyewe huishi kwa mafuta. Mafuta ya breki ya kiwango kiitwacho DOT 4 yakiwa mapya sharti yasichemke chini ya nyuzi 230. Hata hivyo mafuta hayo yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na yakishapata maji kiasi cha asilimia 3 hadi 4, kiwango hicho huruhusu kiwango cha kuchemka kishuke hadi nyuzi 155. Pikipiki iliyokaa bandarini, ikauzwa mara mbili, na kusimama mwaka mzima nyuma ya nyumba, ina mafuta ya namna gani? Mwanafunzi aliyesoma kanuni ya Pascal anajua kwamba majimaji hupitisha kanieneo kwa sababu hayagandamiziki kwa urahisi. Mvuke hugandamizika. Mafuta yakichemka ndani ya breki, mkono wa breki hufika hadi kwenye usukani bila gurudumu kushikwa, na hapo chini kuna mabasi na malori yanayopanda. Chupa moja ya mafuta mapya na kazi ya kutoa upepo ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa katika ugeuzaji wote. Fundi anayeyaruka ili kuwahi kupaka rangi amefanya kazi mbaya, hata kama rangi yake ni nzuri.

Nguvu ya injini nayo ina hesabu yake. Katika kimo cha Karatu hewa ina uzito wa kiasi cha asilimia 86 tu ya hewa ya pwani kwa ujazo ule ule. Injini yenye kabureta iliyorekebishwa kwa hewa ya pwani hupata petroli nyingi kuliko hewa, ikatoa moshi mweusi na kuacha masizi kwenye plagi. Kuichokonoa jeti kwa waya ili iwe pana, kwa matumaini ya kuongeza nguvu, ni kufanya kinyume cha kinachotakiwa. Huko juu jeti ndogo kidogo ndiyo ifaayo. Injini zenye mfumo wa sindano na kipimahewa hujirekebisha zenyewe, na zisiguswe.

Njia ya busara ya kupata mvuto mlimani ni meno ya sproketi. Tuseme sproketi ya mbele ina meno 15 na ya nyuma 43. Uwiano wake ni 2.87. Zikiwekwa za meno 14 na 45, uwiano huwa 3.21, na mvuto kwenye gurudumu huongezeka kwa asilimia 12 katika kila gia. Gharama yake ni kwamba kwa mizunguko ile ile ya injini mwendo hupungua kwa takriban asilimia 11, jambo ambalo msafiri mwenye mzigo hana sababu ya kulililia. Sproketi ya mbele isipunguzwe mno, kwani mnyororo hukunjwa kwa ukali zaidi ukachakaa upesi. Aidha, pikipiki nyingi za namna hii husoma mwendo kutoka kwenye gia na si gurudumu la mbele, hivyo baada ya badiliko hilo mshale huonyesha mwendo mkubwa kuliko uliopo.

Kuhusu mzigo, mafundi wa Karatu wana uzoefu ambao vitabu havina, kwa kuwa wameona pikipiki zikitoka Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, zimebeba magunia ya vitunguu. Wanajua kwamba mzigo ukiwa nyuma mno usukani huwa mwepesi. Ni kanuni ya wenzo. Mzigo wa kilo 20 ukifungwa sentimita 30 nyuma ya ekseli ya nyuma, katika pikipiki ambayo umbali kati ya ekseli mbili ni sentimita 140, huliondolea gurudumu la mbele kilo 4.3 na kuliongezea la nyuma kilo 24.3. Mzigo ule ule ukisogezwa sentimita 20 mbele ya ekseli ya nyuma, gurudumu la mbele huongezewa kilo 2.9. Mifuko miwili ya ubavuni, iliyo chini na karibu na kiti, yafaa kuliko sanduku kubwa la nyuma.

Uzoefu wa pikipiki ndogo, hata hivyo, una mahali unapopotosha. Fremu ya pikipiki ndogo ni ya chuma, nayo hukubali kuchomelewa keria popote. Mkia wa pikipiki nyingi za mbio ni wa alumini iliyokaushwa kwa joto maalumu ili iwe ngumu, na joto la kuchomelea huuondoa ugumu huo karibu na mshono. Keria iliyochomelewa hapo huonekana imara siku ya kwanza. Ufa huanza baadaye, pembeni mwa mshono, chini ya rangi. Keria na ifungwe kwa boliti katika matundu yaliyopo.

Yapo pia mambo ya vumbi. Chujio la hewa lililoziba humaliza nguvu, na lililotoboka humaliza pistoni. Kando ya Eyasi na Manyara vumbi lina magadi, na magadi yakiloa hula alumini polepole, kwa hiyo kuosha pikipiki baada ya safari ni kemia wala si urembo.

Suala la vipuri huamua kama safari itaaminika. Mnyororo unaopatikana dukani Karatu kwa urahisi ni ule wa pikipiki ndogo, ujulikanao kwa namba 428. Wa pikipiki kubwa una viungo virefu zaidi, 520, 525 au 530, na asiyebeba kiungio chake mfukoni aweza kulala njiani kwa ajili ya kipande cha chuma kisichozidi ukucha. Mashindano ya kwanza ya Paris hadi Dakar, yaliyoanza Desemba 1978 na kumalizika Januari 1979, yalishindwa na Cyril Neveu wa Ufaransa kwa pikipiki aina ya Yamaha XT500, mashine ya silinda moja iliyopozwa kwa hewa tu. Jangwa lilikuwa limetoa hukumu yake juu ya mashine zenye mambo mengi.

Kwa sababu hiyo wapo wanaosema kwamba pikipiki ya mbio isigeuzwe kabisa, na msafiri anunue ya sentimita za ujazo 150. Kwa njia nyingi za wilaya wana haki. Pikipiki za wasafiri haziruhusiwi kukatiza Ngorongoro na Serengeti, penye tembo na nyati barabarani; aendaye Loliondo kwa pikipiki huzunguka kupitia Mto wa Mbu, Engaruka na Ngaresero, katika changarawe na majivu ya Oldoinyo Lengai. Kuivalisha pikipiki ya mbio tairi zenye meno na kuituma huko ni kuidanganya, kwani tumbo lake liko chini na shokapu zake ni fupi. Nafasi yake ni lami ndefu, na humo, ikiwa imetengenezwa kwa mpangilio uliotajwa, yaweza kutumika miaka mingi.

Walimu wa fizikia wanayo hapa maabara isiyohitaji kibali cha ununuzi. Mizani miwili ya kupimia watu, utepe wa fundi cherehani, na pikipiki moja vyatosha kwa vipindi vitatu: gurudumu moja moja lipimwe bila mpanda, kisha na mpanda, kisha na mzigo mahali mbalimbali, na matokeo yalinganishwe na hesabu ya wenzo. Fundi wa jirani akaribishwe, naye apewe nafasi ya kupinga. Swali la breki laweza kufuata. Ikiwa nusu ya jouli 1,372,000 imeingia katika diski ya chuma yenye kilo 1.5, na kila kilo ya chuma huhitaji kiasi cha jouli 460 ili joto lipande kwa nyuzi 1, diski ingefika nyuzi ngapi kama isingepoa njiani? Na kwa kuwa diski hazionekani zikiyeyuka pale Mto wa Mbu, joto hilo limekwenda wapi?